Zamu ya Saa Kumi na Moja

11 Desemba

Bweni la wasichana halina paa. Mvua ya kwanza ya mwaka ilishuka jana mchana pamoja na upepo wake, mabati yakang'oka upande mzima, na magodoro yetu yakalowa sisi tukiwa darasani tunasoma magonjwa ya kiwele. Hakuna aliyeumia. Chuo chetu cha mifugo hapa Msanganza ni kidogo, wasichana hatufiki sitini, na mshauri wa wanafunzi, Mwalimu Gaudence, ametuambia tutafute vyumba kijijini mpaka bweni litengenezwe. Kijiji kiko ng'ambo ya korongo.

Nimepata chumba na Devota. Ni mtu wa Dodoma mjini, anaongea hata akiwa usingizini, na godoro lake lilikuwa upande ambao haukulowa. Tutalala wawili juu yake.

14 Desemba

Shida si chumba, ni zamu. Mwaka wa pili ndio tunaokamua, ng'ombe arobaini, saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu gari la maziwa linapita saa kumi na mbili. Tukiwa bwenini ilikuwa ni kuvaa ovaroli na kukatiza uwanja. Sasa ni kushuka korongoni gizani, kupanda upande wa pili, kupita kwenye miti ya migunga mpaka getini. Dakika ishirini na tano kwa mwendo wangu. Devota anasema ishirini, kwa sababu yeye anakimbia mteremko.

20 Desemba

Mvua.

26 Desemba

Wengi wamekwenda kwao kula sikukuu. Ng'ombe hawana likizo, kwa hiyo na sisi wa zamu hatuna. Mama amepiga simu kutoka Kolo, ananiuliza kama kuna baridi. Nimemwambia kuna matope.

7 Januari

Sijui niandike vipi, nitaandika kama ilivyokuwa.

Jana alfajiri Emilia alichelewa. Ni mwenzetu wa darasa, mdogo wa umbo, mtu wa Mpwapwa, mpole kiasi kwamba akijibu swali mwalimu humwomba arudie. Alipanga chumba peke yake karibu na kisima. Alipoingia bandani tulikuwa tumeshamaliza safu ya kwanza. Hakutusalimia. Akanawa mikono, akavuta kigoda, akakaa chini ya ng'ombe wake na kuanza kukamua. Mimi nilikuwa naye mgongo kwa mgongo. Ni Devota aliyeona kwamba ana buti moja tu, kisha akaona maziwa ndooni yana rangi ya waridi. Damu ilikuwa inatoka kidevuni kwake, tone moja moja, na yeye anaendelea kukamua.

Devota akamshika mabega. "Emilia, nani?"

Akasema, "Sijui. Ana koti refu na mabuti ya mvua." Halafu akasema, "Msiyamwage hayo maziwa, nitayaandikia maelezo."

Mtu huyo alimtokea kwenye migunga, akamkaba kwa nyuma na kuanza kumburura. Emilia aliponyoka kwa sababu alijivua koti lake na begi, akavibakiza mikononi mwa yule mtu, akaanguka korongoni na kulala kwenye matope mpaka aliposikia hatua zinaondoka. Simu imekwenda. Anasema hakuweza kupiga kelele. Amelirudia hilo mara nyingi kuliko mengine yote, kwamba sauti haikutoka.

9 Januari

Mwalimu Gaudence aliita kikao cha wasichana. Si mtu mbaya. Amempeleka Emilia mwenyewe polisi kuchukua fomu ya PF3 na hospitali ya wilaya, na macho yake yalikuwa mekundu. Lakini alipoanza kuongea alitoa karatasi. Tutembee kwa makundi. Tusitumie simu njiani. Tuvae kwa staha.

Devota akasimama. "Mwalimu, tunavaa ovaroli na mabuti. Tunanuka kinyesi cha ng'ombe. Tuongeze nini?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha.

Nikauliza mimi, "Zamu haiwezi kuanza kukishapambazuka?"

"Gari la maziwa halibadilishi saa, Swaumu. Maziwa yakilala hapa yanaharibika, na maziwa ndiyo yanayolisha hiki chuo."

"Basi wavulana wakamue mpaka bweni lipone."

"Wavulana nao wana ratiba."

12 Januari

Mama yake Emilia amekuja kumchukua. Alikunja mashuka ya mwanawe, akatushukuru kwa kuishi naye vizuri. Tungejisikia afadhali kama angetutukana.

15 Januari

Mlinzi wa geti anaitwa Sila. Ni mzee wa hapa hapa, Mgogo, mwembamba, anachechemea kidogo. Ana koti refu jeusi na mabuti ya mvua. Leo nimelitazama koti lile mpaka akanisalimia kwa Kigogo na kuniuliza, "Mbukwa, mwanangu. Kuna nini?" Nikapita. Devota anasema nusu ya wanaume wa Msanganza wana koti kama lile, masika haya. Najua. Lakini yeye ndiye anayejua kila siku nani amepita na saa ngapi.

19 Januari

Kuna mama anauza chai na maandazi nje ya geti, Bi Kuluthumu. Tulijua tu kwamba chai yake ina tangawizi nyingi. Kumbe alipita JKT, akabaki huko miaka mingi akifundisha wasichana gwaride na kujihami. Amesikia habari za Emilia, akatuambia, "Jumapili njooni uwanjani. Msije na simu."

Tulikwenda kumi na watatu. Nilidhani tutafundishwa kurusha mateke. Saa nzima ya kwanza tulifundishwa kupiga kelele. Alitusimamisha mmoja mmoja na kusema, "Piga." Wengi wetu tulitoa mlio kama wa paka aliyekanyagwa. Mimi sikutoa kitu kabisa.

"Nyie mmefundishwa kunyamaza tangu mnanyonya," alisema. "Hiyo nguvu ya kunyamaza ndiyo anayoitegemea. Piga."

Nilipopiga hatimaye, ndama walikurupuka zizini.

26 Januari

Somo la pili. Mkono ukishikwa, usivute tu, zungusha upande wa kidole gumba, maana ndipo mshiko ulipo dhaifu. Akikukaba kwa nyuma, shusha kidevu upate hewa, kisha kiwiko, kisha kisigino juu ya unyayo wake. Mtandio wangu ameukataa jinsi ninavyoubana kwa pini. "Hii ni kamba unayomwandalia wewe mwenyewe, akukabe nayo." Amenionyesha nishone vifungo vya kubonyeza, vile vya nguo za watoto, ukivutwa uachie.

Mwishoni akatuweka chini.

"Haya yote ni ya kupata nafasi ya kukimbia. Mkipata nafasi, kimbieni. Msisimame kupigana, msirudi kuchukua kiatu. Kazi yenu ni kufika kwenye watu."

Devota akauliza, "Na mwenzangu akiwa ameshikwa?"

Bi Kuluthumu alifikiri. "Kimbia ukalete watu. Wawili walioshikwa hawamsaidii yeyote."

Nimeliandika hilo kama alivyolisema.

2 Februari

Nimechukua wembe wa upasuaji kwenye maabara. Mmoja tu, na mpini wake. Nimeufungia ndani ya kipande cha mpira na kuuweka mfuko wa kulia wa ovaroli. Sijamwambia Devota. Naona aibu, na usiku nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Emilia aondoke.

9 Februari

Korongo limejaa. Tumezunguka kwa juu, kwenye kivuko cha mawe, dakika arobaini. Tulikuwa wanne na tochi mbili. Wenzetu wawili wamesema kesho hawaji, watalipa adhabu ya kukosa zamu.

11 Februari

Bi Kuluthumu ameugundua wembe. Nilikuwa nainama kuchukua kikombe, mpini wake ukachomoza mfukoni.

"Utoe," alisema.

"Bibi, siutumii. Nikiwa nao siogopi."

"Ndiyo ubaya wake. Utaacha kusikiliza, utaacha kuangalia, utaingia mahali ambapo ungepaswa kugeuka. Na yule mtu ana nguvu kukuzidi. Akikunyang'anya, umempelekea silaha. Na gizani, Swaumu, hujui unamkata nani."

Nikamwambia nitaurudisha. Sikuurudisha.

17 Februari

Mvua siku nne. Barua yetu ya kuomba zamu isogezwe imejibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Zamu ziko vile vile.

25 Februari

Nilimwacha Devota.

Naanza na hilo kwa sababu kila nikijaribu kuanza mwanzo naishia kujitetea.

Jana alfajiri tulikuwa wawili tu. Maji yalikuwa yamepungua, tukapita korongoni. Mvua ilikuwa ndogo, ile inayosikika kwenye majani kabla hujaisikia mwilini. Devota alikuwa mbele na tochi, ananisimulia shangazi yake aliyeozwa mara mbili kwa mtu mmoja. Tulipofika kwenye migunga tochi ikaanguka. Sikuona mtu. Niliona tochi iko chini inamulika matope na nikasikia Devota anasema "Swau," mara moja, kama mtu anayeuliza.

Halafu nikaona koti.

Nilikuwa na wembe mfukoni. Nilikuwa hatua nne kutoka kwao. Na nilikimbia. Nilipiga kelele kama nilivyofundishwa, sauti ilitoka yote, na miguu ikakimbia kama ilivyofundishwa, na mimi nikawa ndani ya hiyo miguu nikimsikia Devota nyuma yangu akipigana.

Sila alikuwa ameshafungua geti nilipofika. Alisikia. Hakuniuliza chochote. Alinipita na fimbo yake na ule mguu wake unaochechemea, akakimbia kwa namna ambayo sikudhani mzee anaweza, huku anapiga mluzi. Mimi nilibaki nimeshika nguzo ya geti. Wavulana walitoka na kukimbilia kule, nami nikabaki nimeshika nguzo.

Walimleta Devota amebebwa. Mkono wa kushoto umevunjika chini ya kiwiko. Uso umevimba. Yule mtu alimburura mpaka ukingoni mwa korongo, Devota akampiga kiwiko, akamng'ata, akapigwa, akamng'ata tena. Sila alipotokea na mluzi wake mtu alimwachia na kuruka chini. Hakufanikiwa lile alilolitaka. Muuguzi alilisema kwa furaha, na ni kweli, nami nalishukuru, lakini Devota aligeuka akatazama ukuta.

Bi Kuluthumu amenishika uso kwa mikono miwili. "Ulifanya sawa. Usingekimbia, Sila asingesikia. Leo tungekuwa tunaongea mengine."

Najua ni kweli. Na ni kweli pia kwamba hakuna aliyenituma wakati ule. Sikukimbilia watu. Nilimkimbia yule mtu.

27 Februari

Nilikwenda hospitali ya wilaya, Kongwa. Askari wa dawati la jinsia, mama mtu mzima, alikuwa anamaliza kuandika maelezo ya Devota. Alinipisha nikae.

Nilileta uji na machungwa. Nikamwambia Devota, "Nisamehe."

"Bi Kuluthumu alituambia tukimbie."

"Ndiyo."

"Basi nikusamehe nini?" Kisha akasema, "Uligeuka hata mara moja?"

"Hapana."

"Nilikuwa nakuangalia. Nilidhani utageuka."

Kaka yake amekuja kumpeleka Dodoma. Machungwa ameyaacha.

2 Machi

Ramadhani imeingia. Nimekula daku peke yangu, mkate na chai baridi, kwenye godoro ambalo si langu. Saa kumi na robo nikashika njia.

Chuo kimeagiza wavulana watusindikize. Leo walikuja sita.

6 Machi

Wasindikizaji wawili.

8 Machi

Hakuna msindikizaji. Wana majaribio.

Na kuna jambo lingine. Wasichana wanaopita njia yetu wanaondoka kabla sijafika mahali pa kukutania. Leo niliwahi mapema nikawakuta. Mmoja akasema, si kwa ubaya, "Swaumu, sisi tumeshapanga wawili wawili." Nyuma yake mwingine akanong'ona, nami nimesikia, "Huyo atakuacha."

Nikatembea hatua thelathini nyuma yao, kama mbwa asiye wa mtu.

Mama amepiga simu. Nikamwambia nataka kurudi nyumbani. Akasema, "Umebakiza mwaka mmoja, mwanangu. Kuna nini?" Nikasema funga inanichosha. Baba asingekubali nibaki hata siku moja akijua, na nisipomaliza hapa hakuna chuo kingine. Nikirudi sina kitu, nikibaki sina mtu.

11 Machi

Nimemkata mtu.

Jana alfajiri nilitoka peke yangu. Sikungoja kundi. Niliuweka wembe mkononi, si mfukoni, na tochi nikaizima kwa makusudi. Nitasema ukweli hapa kwa sababu hakuna anayesoma: nilitaka atokee. Nilipita korongoni nikimwita moyoni. Nilikuwa nimechoka kuwa yule aliyekimbia. Nilidhani nikimkata nitaweza kumwandikia Devota.

Kwenye migunga kulikuwa na mtu amesimama. Koti refu. Hakusogea, hakusema. Nilimwona kabla hajaniona, na hapo ndipo ningegeuka, njia ya nyuma ilikuwa wazi. Alipogeuka na kuinua mkono, nilikata. Mara moja, kutoka juu kwenda chini, kama tunavyofundishwa kupasua ngozi, bila kusitasita.

Akasema, "Ni mimi, mwanangu. Ni mimi wa getini."

Nikawasha tochi. Mzee Sila alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, na damu inapita katikati ya vidole. Nimepasua mbuzi na ng'ombe mwaka mzima. Nilijua ninachokiona. Ule uzi mweupe unaong'aa, unaokunja vidole, ulikuwa umekatika.

Nilivua mtandio, ukaachia kwa urahisi, nikafunga, nikakandamiza, nikainua mkono wake juu ya moyo. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri sana. Mdomo ulikuwa unasema kitu kimoja tu. "Kwa nini hukusema? Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani nikinyamaza hamtaogopa," alisema. "Nilikuwa nasimama hapa tangu yule mwenzako aumizwe. Mnapita, mnaongea habari zenu, mnakwenda. Sikutaka mjue kuna mtu."

Kila alfajiri. Anaacha geti lake, jambo ambalo lingemfukuzisha kazi, anasimama kwenye mvua wiki mbili nzima, na mimi hatua thelathini nyuma ya wenzangu nikiamini kwamba duniani hakuna anayenijali.

Tukaenda zahanati, nimemshikilia. Muuguzi alipouliza, Sila alijibu kabla yangu. "Bati. Yale ya bweni yaliyorundikwa getini. Niliteleza." Akanitazama nisiseme.

12 Machi

Wamemshona wilayani. Vidole viwili vya mwisho havikunjiki.

13 Machi

Sili daku. Sili futari. Nimekamua leo na ng'ombe amenipiga teke, nikashukuru.

15 Machi

Nilikwenda kwake. Mkewe, Mama Abeli, alikuwa anapalilia karanga peke yake, na nilimwamkia shikamoo mara mbili kabla hajaitika. Nadhani ameshaambiwa.

Sila alikuwa amekaa mlangoni, mkono kifuani. Nikamwambia nataka kwenda kusema ukweli, lakini nikisema, itajulikana kwamba aliacha geti.

"Kazi unayo wewe mbele yako," alisema. "Mimi nimeshazeeka. Bati halina kesi na mtu. Liache."

"Siwezi, mzee. Nikilala nakuona."

Mama Abeli aliinuka kule shambani na jembe lake. Hakusogea. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Aseme. Mkono wako si wa kukatwa na bati."

Sila aliutazama mkono wake. "Haya. Sema," aliniambia. "Hata hivyo geti lenyewe siwezi kulifungua."

17 Machi

Mwalimu Gaudence alinisikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Swaumu, taarifa ya bati imeshaandikwa na imekubalika. Sila atatibiwa. Wewe utamaliza chuo. Unataka nifanye nini?"

"Uandike nyingine."

"Nikiandika kwamba mwanafunzi alimkata mlinzi kwa wembe wa maabara, wataniuliza kwa nini alikuwa na wembe. Nikisema kwa nini alikuwa na wembe, wataniuliza juu ya zamu. Hii haitaishia hapa chuoni. Unalielewa hilo?"

Nilikuwa sijalielewa. Nilikuja kutua mzigo wangu tu. Lakini alipolisema vile, niliona kitu ambacho barua zetu zote hazikuweza kukifanya. Alikuwa anaogopa. Miezi miwili na zaidi sisi ndio tulioogopa, na leo ni yeye.

"Naelewa, mwalimu."

"Utafukuzwa."

"Inawezekana."

Hakuandika. Nikapanda bodaboda mpaka Kongwa, kwa yule mama askari wa dawati. Aliandika kurasa saba. Kila nilipojaribu kuruka kitu alisimamisha kalamu na kungoja. Nilimwambia mpaka lile la kuzima tochi kwa makusudi.

19 Machi

Nilipiga simu nyumbani nikasema yote, na leo baba amekuja kutoka Kolo. Alikwenda kwa Sila kabla ya kuja kwangu. Wamekaa chini, wamezungumza, Sila amesema mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba hanishitaki. Kisha baba akaja kwenye chumba changu, akakaa juu ya ndoo, akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Nilidhani analia kwa ajili ya aibu. Akasema, "Miezi mitatu unapita humo. Miezi mitatu unatuambia matope."

24 Machi

Bodi ya chuo ilikaa siku nzima. Watu walikuja kutoka wilayani na wizarani. Nimesimamishwa masomo mwaka mmoja kwa kuchukua kifaa cha maabara na kumjeruhi mtu. Sila atabaki kazini, wamempa stoo ya chakula cha mifugo. Mwalimu Gaudence amehamishwa, na nimesikitika kuliko nilivyotarajia.

Zamu ya kukamua sasa inaanza saa kumi na mbili na nusu. Mwenyekiti wa bodi alimwita dereva wa gari la maziwa na kumuuliza kama anaweza kupita saa mbili badala ya saa kumi na mbili. Nilikuwa nimekaa benchi la nje, mlango uko wazi. Dereva akasema, "Mimi huwa naanzia huku kwa sababu ni mbali. Nikianzia Mlali nikamalizia hapa ni sawa tu. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Mwenyekiti akaiandika saa hiyo.

Niliinuka nikaenda nyuma ya banda la ndama. Nilikaa huko mpaka adhuhuri.

29 Machi

Wamemkamata. Alikuwa anauza simu ya Emilia kwenye mnada, mbali na hapa, mkono wake una kidonda cha meno kilichooza. Si mtu wa Msanganza. Si mwanafunzi, si mlinzi, si jirani. Tulimaliza masika yote tukiwachunguza watu waliotuzunguka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona.

31 Machi

Idi. Nimempelekea Bi Kuluthumu pilau ya jirani. Aliniambia, "Nilikufundisheni kukimbia. Sikuwafundisha namna ya kuishi na mliyemwacha. Sijui inafundishwaje." Kisha akanimiminia chai.

1 Aprili

Nimemwandikia Devota. Nimemweleza yote, hata wembe, kwamba ulikuwapo mfukoni siku ile. Simu inaonyesha amesoma.

3 Aprili

Hajajibu. Nimeng'oa karanga shambani kwa Mama Abeli kuanzia asubuhi. Hatukuongea. Jioni alisema, "Huyo hawezi kushika jembe tena," si kwangu, kwa zile karanga. Nikaendelea kung'oa.

5 Aprili

Devota amejibu. "Mkono umetolewa bandeji ngumu. Sijajua bado kama nimekasirika. Nikijua nitakwambia." Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi sana. Hakuna neno jema humo, lakini ameandika "nitakwambia".

7 Aprili

Niko kwenye basi, naandika kwenye goti, mwandiko ni mbaya.

Basi la kwanza linapita barabara kuu saa kumi na moja, nami nilikuwa sijamwambia mtu saa ya kuondoka. Baba alitangulia wiki iliyopita. Nilifungua mlango saa kumi na nusu, begi kichwani, giza totoro, na miguu ikakataa. Sikuweza kuvuka kizingiti. Yule mtu yuko mahabusu, najua yuko mahabusu, na miguu haikutaka kujua.

Nikasikia sauti kutoka njiani, mbali kidogo, inaongea kwa nguvu kama mtu anayebishana na kiziwi.

"Ni mimi Sila. Nimesimama hapa chini ya mti wa wauza mkaa. Nina koti. Mkono wa kulia umefungwa, wa kushoto una tochi. Nitatangulia mbele, hatua kumi. Sitanyamaza mpaka barabarani."

Akatangulia. Na kweli hakunyamaza. Aliongea habari za karanga, kwamba mwaka huu zimejaa ila panya nao wamezijua. Aliongea habari za mjukuu wake anayekataa maziwa ya mbuzi. Tuliposhuka korongoni akaniambia kila jiwe lilipo. Tulipofika kwenye migunga aliongeza sauti, akaanza kunieleza jinsi stoo inavyonuka pumba, na magunia mangapi yako kulia, na mangapi yako kushoto, mzee yule ambaye masika yote sikumsikia akisema zaidi ya maneno matano. Alikuwa ameishiwa habari, ila hakuacha. Sauti ilikuwa inamkauka.

Nilitembea nyuma yake nikilia, na nadhani alijua, kwa sababu hakugeuka.

Barabarani alibana tochi kwapani, akanitua begi kichwani kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia, "Mzee Sila, sasa unaweza kupumzika."

"Basi halijafika," alisema, akaendelea kuongea.